Namba zipi zifuatwe watoto wanapougua wakati wa janga?

SWALI: "Mimi ni mwalimu wa shule ya awali. Wakati wa UVIKO-19 wazazi walinipa kazi ya kuwatumia taarifa fupi kila Ijumaa. Nilikuwa nachukua asilimia ya vitanda vya hospitali vilivyojaa na idadi ya watoto waliolazwa wakiwa na korona, basi. Wiki moja niliandika kwamba vitanda vimejaa asilimia 68, na wiki hiyohiyo mzazi mmoja akaambiwa hakuna nafasi ya mwanawe, akapelekwa hospitali nyingine ya mbali. Aliniuliza kwa uchungu namba yangu niliitoa wapi. Wengine walisema watoto hawaugui korona, wanakutwa nayo tu. Mwingine akasema wanawe waliugua zaidi baada ya janga kutulia kuliko lilipopamba moto. Janga jingine likija nataka niwe nimejiandaa. Nifuatilie nini, na wazazi niwaambie nini?"

JIBU:

Mwalimu, namba yako ilikuwa sahihi, na mzazi yule naye alisema kweli. Asilimia 68 ni hesabu ya vitanda vyote vikiwekwa pamoja, ilhali mtoto analazwa kwenye kitanda cha watoto, chenye muuguzi anayejua watoto, chenye vifaa vya ukubwa wake, katika chumba ambacho hakitamwambukiza ugonjwa mwingine. Hospitali ya vitanda 400 iliyojaa asilimia 68 ina vitanda 128 vitupu, na bado inaweza kukosa hata kimoja cha kumpokea mtoto wa miezi mitatu anayehitaji oksijeni.

Ukinibana nichague kitu kimoja cha kufuatilia, nitachagua watoto wapya wanaolazwa kila wiki, wakiwa wamegawanywa kwa umri, na kwa magonjwa yote ya njia ya hewa, si ugonjwa wa janga peke yake. Asilimia ya vitanda ningeiweka chini kabisa ya ujumbe wako, na wiki nyingine ningeiacha. Nieleze sababu zangu kwa kirefu, maana wazazi watakuuliza.

Neno "kitanda" kwenye takwimu lina maana zaidi ya moja. Kuna kitanda cha kibali, yaani kile ambacho hospitali imeruhusiwa kuwa nacho. Kuna kitanda kilichopo wodini kwa macho. Na kuna kitanda chenye mtu wa kukihudumia kwenye zamu hii. Ni hicho cha mwisho tu kinachopokea mgonjwa. Wakati wa janga wauguzi nao wanaugua, wanawekwa karantini, wanahamishiwa wodi za watu wazima. Godoro linabaki palepale, na kwenye fomu ya asubuhi linaendelea kuhesabiwa. Katika chumba cha watoto mahututi muuguzi mmoja huangalia mtoto mmoja au wawili. Wakikosekana wauguzi wawili zamu ya usiku, vitanda viwili hadi vinne vimekwisha kufungwa, na pengine hakuna mahali popote palipoandikwa kwamba vimefungwa. Kwa hiyo ukikuta takwimu yoyote ya vitanda, swali la kwanza liwe: vinavyohesabiwa ni vyenye wahudumu? Taarifa isiyosema hivyo usiitegemee sana.

Halafu kuna suala la nani alale karibu na nani. Mtoto mwenye surua hawezi kuwekwa chumba kimoja na mtoto mchanga aliyezaliwa kabla ya siku zake. Mwenye RSV, virusi vya njia ya hewa vinavyowasumbua hasa wachanga, hawekwi na mwenye mafua, wala na anayesubiri majibu ya kipimo cha korona. Chumba cha vitanda vinne chenye mtoto mmoja anayesubiri majibu kina vitanda vitatu vitupu kwenye karatasi na sifuri kwa kweli, mpaka majibu yatoke. Katika miezi ya mwanzo ya 2020, majibu ya maabara yalipokuwa yanachukua siku nzima au zaidi, nafasi nyingi zilipotea kwa njia hii.

Vifaa navyo si vya kupuuza. Mirija ya mashine ya kupumulia, vibomba vya oksijeni vya puani, sindano za mishipa, mikanda ya kupimia shinikizo la damu, vyote vina saizi za watoto. Ghala lenye mashine za kupumulia 50 za watu wazima halimsaidii mtoto wa kilo nne kama mashine hizo haziwezi kuweka pumzi ndogo kiasi hicho, au kama mirija yake haipo.

Na nafasi za watoto zilikuwa zinapungua hata kabla ya janga. Marekani, utafiti wa miaka ya 2008 hadi 2018 ulionyesha wodi za kulaza watoto zilipungua kwa takriban asilimia 19 na vitanda vyake kwa karibu asilimia 12, kwa sababu hospitali nyingi ziliona watu wazima ndio wanaojaza vitanda mwaka mzima. Kisha korona ilipoingia, baadhi ya vyumba vya watoto mahututi huko New York mwezi Aprili 2020 vilipokea watu wazima. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, watu walikuwa wanakufa. Lakini ndiyo maana asilimia ya jumla haikwambii kama mlango wa watoto uko wazi: wodi yao inaweza kuwa imejaa wasio watoto.

Sasa hesabu, na hii naomba uifanye mwenyewe kwa kalamu, kwa kuwa ndiyo moyo wa jibu langu. Chukua wodi ya watoto yenye vitanda 20 vyenye wahudumu. Kwa wastani wanalazwa watoto wanne kwa siku, na kila mmoja anakaa siku nne. Idadi ya waliolala siku yoyote ni wanaoingia kwa siku mara siku wanazokaa: nne mara nne, 16. Wodi imejaa asilimia 80 na taarifa itasema hali ni shwari. Akiongezeka mtoto mmoja tu kwa siku, inakuwa tano mara nne, 20. Wodi imejaa. Rudisha wanaoingia wawe wanne, lakini kila mtoto akae siku tano badala ya nne: tena 20, wodi imejaa, na hakuna hata mtoto mmoja zaidi aliyeugua. Siku hiyo ya ziada inatoka wapi? Kutoka kwenye majibu ya maabara yaliyochelewa, mzazi aliye karantini asiyeweza kuja kumchukua mwanawe, dawa ya kumalizia nyumbani isiyopatikana, mtoto anayehitaji oksijeni kidogo usiku na nyumbani haipo.

Tena huo ni wastani. Watoto hawaji wanne kila siku kwa mpangilio. Wakija kwa bahati nasibu tu, wastani ukiwa wanne, karibu siku moja kati ya tisa watakuja saba au zaidi. Wodi yenye nafasi nne asubuhi itaishiwa kabla ya jioni. Ndiyo sababu wanaopanga hospitali huanza kuwa na wasiwasi vitanda vikipita asilimia 85, wakati kwa macho ya raia asilimia 15 bado ni nyingi. Na kadiri wodi ilivyo ndogo ndivyo mshtuko unavyokuwa mkubwa. Asilimia 85 ya vitanda 800 inaacha nafasi 120. Asilimia hiyohiyo ya vitanda vinane vya watoto mahututi inaacha nafasi moja, na mtoto mmoja mwenye degedege lisilokoma akiingia saa tisa usiku, eneo zima limeishiwa. Huenda mzazi wako alifika baada ya nafasi kama hiyo kuchukuliwa.

Kwa hiyo wanaoingia wanakupa onyo mapema kuliko waliolala. Wodi inaweza kuonekana imejaa vilevile wiki mbili mfululizo, lakini katika wiki ya pili wanaoingia wameanza kupungua. Huo ni unafuu unaokuja. Au kinyume chake: vitanda ni asilimia 70, wanaoingia wameongezeka mara mbili tangu wiki iliyopita, na baada ya siku chache hakutakuwa na mahali.

Nimesema wagawanywe kwa umri. Taarifa nyingi huandika "watoto, miaka 0 hadi 17", na mimi ningependa kundi hilo lisingekuwepo kabisa. Mtoto wa miezi miwili na kijana wa miaka 16 hawafanani kwa chochote kinachohusu mapafu. Kirusi kilekile kinachomfanya kijana akohoe wiki moja kinaweza kuziba vijia vidogo vya hewa vya mchanga mpaka ashindwe kunyonya. Wimbi la Omicron, aina mpya ya kirusi cha korona iliyofuata ile iliyoitwa Delta, ni mfano mzuri. Marekani, katika wiki iliyoishia tarehe 8 Januari 2022, walilazwa watoto 14.5 kwa kila 100,000 wenye umri wa chini ya miaka mitano. Kilele cha wimbi la Delta lililotangulia kwa umri huo kilikuwa 2.9. Ni ongezeko la mara tano, katika kundi ambalo wakati huo halikuwa na chanjo. Aliyekuwa anatazama mstari mmoja wa "watoto wote" aliona mstari unapanda, lakini hakuona nani anaupandisha. Kama taarifa za eneo lako zinaruhusu, tafuta makundi manne: chini ya mwaka mmoja, mwaka mmoja hadi minne, mitano hadi 11, na 12 hadi 17. Shule ya awali inahusika zaidi na kundi la pili, na wadogo zao walioko nyumbani wako kundi la kwanza.

Nije kwa wazazi waliosema watoto "wanakutwa nayo tu". Walikuwa na hoja, na wasibezwe. Hospitali nyingi zilikuwa zinampima kila anayelazwa. Mtoto aliyevunjika mguu akikutwa na virusi aliingia kwenye hesabu ya waliolazwa na korona sawa na aliyeshindwa kupumua. Ripoti mbili kutoka hospitali za California, zilizochapishwa mwaka 2021, zilipitia faili za watoto mmoja mmoja zikakuta kati ya asilimia 40 na 45 walikuwa wamelazwa kwa jambo jingine. Hizo ni nyingi. Lakini geuza karatasi usome upande wa pili: zaidi ya nusu waliletwa na ugonjwa wenyewe.

Mamlaka zilijaribu kutenganisha. Jimbo la Massachusetts, Januari 2022, lilitumia njia rahisi: mgonjwa aliyepewa dawa ya deksamethasoni alihesabiwa kuwa amelazwa kwa sababu ya korona, asiyepewa akahesabiwa kuwa amekutwa nayo. Kwa watu wazima ni kipimo kinachoeleweka, kwa sababu dawa hiyo hupewa mgonjwa wa korona aliyefikia kuhitaji oksijeni. Kwa watoto kinapotosha pande zote mbili. Mtoto mwenye uvimbe wa koo unaoleta kikohozi cha kubweka hupewa deksamethasoni kwa kawaida, kirusi kiwe chochote, na kikohozi hicho kiliongezeka sana na Omicron. Huenda akapewa dozi moja na kuruhusiwa baada ya saa chache. Mchanga aliyezibwa vijia vidogo vya hewa hapewi dawa hiyo hata akiwa taabani, maana haimsaidii. Kwa hiyo wa kwanza anaonekana mgonjwa sana na wa pili anaonekana "amekutwa nayo". Ninasisitiza hili kwa sababu vipimo vingi vya janga vilitengenezwa kwa mwili wa mtu mzima, kisha vikavishwa watoto bila kukatwa upya.

Na hata yule wa mguu uliovunjika, kwa upande wa nafasi za hospitali, hakuwa bure. Alihitaji chumba cha peke yake, muuguzi mwenye mavazi ya kujikinga, upasuaji uliopangwa upya. Ukitaka kujua ugonjwa ni mkali kiasi gani, muondoe kwenye hesabu. Ukitaka kujua hospitali imeelemewa kiasi gani, muache.

Mzazi wa mwisho, aliyesema wanawe waliugua zaidi janga lilipotulia, ndiye ningependa kukaa naye kidogo, kwa sababu ameona jambo ambalo vituo vingi vya takwimu vilichelewa kuliona. Shule zilipofungwa na watu wakakaa ndani, virusi vya kawaida vya watoto vilikosa njia. RSV, ambavyo katika nchi zenye baridi hujaza wodi za wachanga kila majira ya baridi, karibu vipotee. Mafua ya msimu yalishuka mpaka maabara zikawa zinapima sampuli nyingi bila kukuta kitu, na aina moja ya mafua ya kundi B, iitwayo Yamagata, haijathibitishwa tena popote tangu Machi 2020. Kisha watu walipoanza kuchangamana, palikuwa na watoto wa miaka miwili mizima ambao hawajawahi kukutana na virusi hivyo, na kina mama wajawazito ambao kinga yao dhidi yake ilikuwa imefifia, hivyo wachanga wakazaliwa na akiba ndogo. Western Australia, jimbo la magharibi mwa Australia, iliona wimbi kubwa la RSV mwishoni mwa 2020, katika miezi ya joto, kinyume na kalenda yote iliyozoeleka. Majimbo ya kusini mwa Marekani yalifuata kuanzia katikati ya 2021. Kufikia Novemba 2022, RSV, mafua na korona vikienda pamoja, hospitali za watoto za Marekani zilikuwa zimejaa kiasi kwamba chama cha madaktari wa watoto na umoja wa hospitali za watoto viliiomba serikali itangaze hali ya dharura.

Angalia jambo hili lilivyokaa. Ubao wa takwimu za korona wa wiki zile ungeonyesha waliolazwa na korona si wengi. Mwalimu anayetuma namba hiyo peke yake angewatuliza wazazi katika wiki ambazo mtoto mwenye pumu asingepata kitanda. Ndiyo maana nasema hesabu magonjwa yote ya njia ya hewa kwa pamoja, halafu ukipata, tazama kila kirusi peke yake kwa asilimia ya vipimo vinavyotoka na maambukizi. Na kalenda usiiamini katika mwaka wa janga wala katika miaka miwili inayofuata. Tangu 2023 ipo chanjo ya RSV kwa wajawazito na sindano ya kingamwili kwa wachanga katika nchi kadhaa, kwa hiyo namba hizi zitaanza kubadilika tena pale zinapotumika.

Kushuka kwa namba nako kuna mtego. Kati ya mwisho wa Machi na mwisho wa Aprili 2020, watoto wa miaka 10 na chini waliofika idara za dharura Marekani walipungua kwa asilimia 72 wakilinganishwa na majuma hayohayo ya mwaka uliotangulia. Sehemu ya punguzo hilo ni afya ya kweli: virusi havikuwepo, michezo na safari vilisimama. Sehemu nyingine ni woga. Madaktari walipokea watoto wenye kisukari walioletwa wamekwisha kupoteza fahamu na wenye kidole tumbo kilichokwisha kupasuka, kwa sababu wazazi waliogopa hospitali. Kwenye chati vitu hivi viwili vinafanana kabisa. Unavitofautisha kwa kutazama walioletwa wakiwa hali mbaya: kama wanaofika wamepungua lakini sehemu ya wanaolazwa kati yao imepanda, watoto wanachelewa kuletwa. Chanjo zilifuata njia hiyohiyo. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walikadiria kwamba watoto milioni 23 walikosa chanjo za msingi mwaka 2020, na surua hailipi kisasi wiki hiyohiyo; inakuja baadaye, mahali ambapo watoto wasiochanjwa wamekwisha kuwa wengi. Kama una nafasi ya mstari mmoja tu kuhusu jambo lisilo la hospitali, weka kiwango cha chanjo.

Kuna ugonjwa mwingine unaokuja kwa kuchelewa na ambao namba za kila siku hazikuonyesha kabisa. Katikati ya Aprili 2020, London, ndani ya siku kumi madaktari walipokea watoto wanane waliokuwa na homa kali isiyoshuka, maumivu ya tumbo, macho mekundu, vipele, na mioyo iliyoshindwa kusukuma damu vizuri. Kwa kawaida madaktari hao walikuwa wanaona mmoja au wawili wa aina hiyo kwa wiki. Wengi wao kipimo cha virusi kilitoka hakuna kitu, kwa sababu maambukizi yalikuwa yamepita. Leo tunauita MIS-C, uvimbe wa viungo vingi unaotokea wiki mbili hadi sita baada ya korona, hata ile iliyopita bila dalili, na huwapata zaidi wa umri wa shule. Maana yake kwa ujumbe wako ni hii: wimbi la maambukizi likishuka, usiandike kwamba yameisha kwa watoto. Acha onyo la homa ya siku tatu au zaidi yenye maumivu ya tumbo, vipele au macho mekundu liendelee wiki sita baada ya kilele. Ugonjwa huu ni nadra, na ukigunduliwa mapema unatibika.

Tena tazama nani aliyeugundua. Madaktari wachache waliona kwamba wanane ni wengi mno, wakaandika na kupigiana simu. Aprili 2022 ilikuwa vivyo hivyo Scotland, watoto wadogo walipofika na homa ya ini ambayo haikutokana na virusi vya ini vinavyojulikana. Kufikia Julai mwaka huo wagonjwa 1,010 walikuwa wameripotiwa kutoka nchi 35. Mfumo wa takwimu hauna safu ya ugonjwa ambao haujapewa jina. Kwa hiyo taarifa ya madaktari ikisema "tumeona kundi la watoto wenye dalili hizi", ipe uzito hata kama idadi ni ndogo kuliko chochote kwenye jedwali lako.

Idadi ndogo zina shida yake nyingine, na hii itakukuta siku ya kwanza utakapofungua faili. Serikali ya Marekani ilipoanza kutoa takwimu za kila hospitali Desemba 2020, ilificha idadi zilizo chini ya nne ili mgonjwa asitambulike. Badala ya moja, mbili au tatu, kisanduku kiliandikwa -999999. Kwa watu wazima visanduku hivyo ni vichache. Kwa watoto vilijaa safu baada ya safu, kwa sababu hospitali nyingi zinalaza watoto wachache. Mtu akijumlisha safu bila kutazama anapata watoto hasi milioni kadhaa. Hilo angalau litamshtua. Mbaya zaidi ni anayeona alama ile akaweka sifuri. Hospitali kumi zenye watoto wawiliwawili ni watoto 20, naye ameandika hakuna. Ukikuta alama ya kufichwa, andika kiwango: "angalau hawa, pengine hadi hawa", au tumia jumla ya eneo kubwa zaidi ambako hakuna kilichofichwa.

Kuhusu tarehe nitakuwa mfupi. Tumia wastani wa siku saba, maana mwishoni mwa wiki taarifa hupungua na Jumatatu hurundikana. Tofautisha siku ya kulazwa na siku ya kuripotiwa. Siku tatu nne za mwisho kwenye chati yoyote huwa pungufu na huongezwa baadaye, hivyo ule mteremko mzuri wa pembeni kulia usiufurahie. Ijumaa tuma takwimu za wiki iliyoishia Jumamosi iliyotangulia, na uandike tarehe hizo juu kabisa ya ujumbe.

Kisha kuna takwimu ambayo unayo wewe na hospitali haina: daftari la mahudhurio. Katika janga la mafua ya H1N1 mwaka 2009, nchi kadhaa zilifuatilia kutohudhuria shule kama dalili ya mapema, na ni rahisi kuelewa kwa nini. Mtoto hukosa shule siku anapopata homa. Hospitali, kama ataifikia, ni siku kadhaa baadaye. Anza sasa, kabla ya janga lolote, ili ujue kawaida yenu. Kila siku andika waliotarajiwa, wasiofika, na wasiofika kwa ugonjwa. Mzazi akipiga simu muulize jambo moja tu: ni homa na kikohozi, ni kuharisha na kutapika, au ni kingine? Weka idadi, majina usiyaweke. Ukishakuwa na daftari la mwaka mzima utajua kwamba kiwango chenu cha kawaida ni, tuseme, wagonjwa watatu kati ya mia, na siku watakapokuwa tisa kwa siku tatu mfululizo utawajulisha wazazi na kituo cha afya kilicho karibu bila kusubiri ubao wa mtu yeyote. Darasa dogo litakuwa na kelele nyingi kwenye namba zake, kwa hiyo jumlisha shule nzima, na kama shule jirani zitakubali, jumlisheni pamoja.

Hata hivyo wazazi hawahitaji kuyasoma yote haya. Kwa Ijumaa moja ningeandika mistari michache: watoto waliolazwa kwa magonjwa ya njia ya hewa wiki hii, wa umri gani wameongezeka, kirusi gani kinaongoza, na kama hospitali zinahamisha watoto mbali au muda wa kusubiri umerefuka. Hilo la kuhamisha utalipata zaidi kwa kuuliza wahudumu kuliko kwenye jedwali, na ndilo lingemsaidia mzazi yule ajue mapema kwamba inafaa kupiga simu kwanza na kujua mtoto apelekwe wapi.

Chini yake, kila wiki, bila kujali namba zimesemaje, weka dalili za kumpeleka mtoto hospitali mara moja. Hakuna asilimia ya vitanda inayofaa kumfanya mzazi abaki nyumbani na mtoto wa namna hii: anayeshindwa kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, aliyelegea sana au asiyeamka vizuri, mwenye midomo ya bluu, au ambaye sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta pumzi. Wafundishe pia kuhesabu pumzi. Mtoto awe ametulia, halii wala hanyonyi, nguo ipandishwe kifua kionekane, na zihesabiwe dakika nzima kwa saa, kwa kuwa wachanga hupumua kwa kukatakata na nusu dakika huweza kudanganya. Pumzi 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, 50 au zaidi kwa wa miezi miwili hadi 11, na 40 au zaidi kwa wa mwaka mmoja mpaka kabla hajatimiza miaka mitano, ni kupumua kwa kasi, na mtoto huyo aonwe na mhudumu wa afya siku hiyohiyo. Wa chini ya miezi miwili apelekwe saa hiyohiyo, hata akiwa na homa peke yake.